Diski Mpya, Mtetemo Uleule: Uchambuzi wa Kisa cha Breki

Kisa hiki ni cha gari moja ambalo ndani ya mwaka mmoja lilipita mikononi mwa gereji tatu, ya kwetu ikiwa ya kwanza na ya mwisho. Jina la mwenye gari, namba za gari, mji wetu na zile gereji nyingine nimeviacha nje. Vipimo nimevinakili kama vilivyo kwenye daftari. Nawaandikia hasa mafundi wenzangu, ingawa mwenye gari akisoma atapata maswali ya kumwuliza fundi wake kabla hajatoa hela ya spea.

## Gari na mwenye gari

Ni sedani ndogo ya Kijapani ya mwaka 2004, gia otomatiki, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika. Mbele ina diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi dereva akishika breki; nyuma ina ngoma, na handibreki yake ni ya waya, inashika ngoma za nyuma. Tairi ni 195/65 za rimu 15 za chuma, nati tano kila gurudumu. Lilipokuja kwetu mara ya kwanza lilikuwa limepita kilomita 170,000.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama anayeendesha kwa utulivu. Mara mbili kwa mwezi huenda Iringa kuangalia shamba lake. Anayeifahamu barabara ile anajua breki zinavyofanya kazi huko: karibu kila kijiji kina kibao cha 50, kwa hiyo dereva anatoka 80 anashuka 50, anapanda tena, anashuka tena, kutwa nzima. Kuna hifadhi ya Mikumi na matuta yake. Halafu kuna Kitonga, mlima mkali wenye kona, ambao mwalimu huupanda akienda na kuushuka akirudi.

## Mara ya kwanza: nilichokifanya bila kupima

Alikuja Januari. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya wateja wengi: "Fundi, nikishika breki nikiwa kwenye mwendo, usukani unatetemeka mikononi, na pedeli inanisukuma mguu."

Nilitoa magurudumu ya mbele, nikapitisha vidole juu ya diski, nikatangaza kwamba zimepinda. Nilizipeleka kwa fundi mkereza zikachongwa, nikafunga pedi mpya, nikatoka na gari hadi barabara kuu. Nilishika breki kutoka 80 mara nne au tano. Lilikuwa laini kabisa. Mwalimu alilipa, akashukuru, akaondoka.

Saa ya kupimia, ile tunayoiita dayo geji, ilikuwepo kabatini. Tulikuwa tunaitoa kwa kazi za injini tu. Uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu ambacho diski inakaa juu yake, niliufuta kwa kitambaa chenye petroli. Niliona kutu, lakini niliona kutu ya kawaida, ya kila gari lenye umri ule. Hapo ndipo nilipokosea, na mwalimu alilipia kosa hilo kwa miezi minane.

## Yaliyotokea katikati

Mtetemo ulirudi baada ya kilomita kama 4,500. Hakurudi kwangu. Baadaye aliniambia aliona haya kunilalamikia, nami nilisikitika kusikia hivyo, kwa sababu taarifa ile ningeihitaji.

Gereji ya pili ilimfungia diski mpya za kwenye boksi. Gari likatulia kwa kilomita 6,000 hivi, kisha likaanza tena. Gereji ya tatu ilimwambia tatizo ni mbele chini: ikabadilisha bushi za wishboni (mipira ya mkono wa chini) na tairodi endi (viungo vya fimbo za usukani) pande zote mbili, kisha ikampeleka alaimenti na balansi. Mtetemo ulipungua lakini haukuisha.

Septemba nikamwona anaingia getini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ule ugonjwa umerudi. Safari hii sinunui kitu mpaka unionyeshe kinachoumwa."

Tulikubaliana hivyo. Hakuna kufungua kitu kabla ya kujua, na hakuna kununua kitu kabla ya kuona kipimo.

## Maswali, kisha barabara

Nilikaa naye dakika ishirini kwenye benchi. Nilimwuliza kama mtetemo unakuja wakati wa breki tu au hata bila breki. Akafikiri, akasema upo hata bila breki, ila mdogo, akiwa kwenye 95 hivi. Huo hakuutaja Januari, nami sikumwuliza. Nikauliza kama breki zikiwa za baridi asubuhi na zikiwa zimepata moto kuna tofauti. Akasema kidogo tu. Nikauliza kama pedeli inasukuma polepole au inatetemeka haraka haraka kwa mlio wa kukwaruza, maana gari hili lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki kali, na ABS ikifanya kazi kwenye changarawe au kwenye breki ya ghafla husukuma mguu pia, na hilo si tatizo. Akasema hapana, inasukuma hata akigusa taratibu kwenye lami kavu.

Swali lililonisaidia zaidi lilikuwa la mwisho: tangu Januari magurudumu ya mbele yametolewa mara ngapi, na nani? Akahesabu kwa vidole. Sisi, gereji ya pili, gereji ya tatu, watu wa balansi, na pancha mbili za njiani. Mara sita. Kwenye pancha moja, alisema, kijana alipanda juu ya wili spana akarukaruka ili nati zikaze.

Kisha tukatoka, yeye akiendesha na mimi nikiwa pembeni, halafu tukabadilishana viti. Nilichagua kipande kilichonyooka kisicho na matuta ya rasta, kwa sababu rasta inaficha kila kitu.

Bila kugusa breki, kuanzia 90 hadi 100 usukani ulitikisika kidogo, mtikisiko mwembamba usiobadilika. Nikaachia hadi 80, nikagusa breki taratibu. Hapo ulikuja mtetemo mwingine kabisa: usukani ukienda kushoto na kulia kwa nguvu, pedeli ikipanda na kushuka chini ya kiatu, na kadiri gari lilivyopunguza mwendo ndivyo mapigo yalivyopungua kasi. Tairi la ukubwa ule hutembea karibu mita mbili kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwenye 80 linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kwenye 40 nusu ya hapo. Mapigo yanayofuata mwendo namna hiyo yanatoka kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu.

Jaribio la tatu lilikuwa handibreki. Barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, kwenye 40, niliivuta taratibu huku kitufe nimekibonyeza kwa kidole ili isijifunge. Gari lilipunguza mwendo bila kutetemeka hata kidogo. Ngoma za nyuma hazikuwa na hatia. (Kwenye magari yenye diski nyuma, ambayo handibreki yake inatumia viatu vidogo ndani ya diski, jaribio hili halikuambii lolote kuhusu diski ya nyuma. Na kwenye barabara yenye maji usilifanye.)

Tulirudi gereji tukijua kwamba usukani mmoja ulikuwa unabeba magonjwa mawili. Moja la bila breki, ambalo mara nyingi ni tairi, rimu au balansi. La pili la breki, na liko mbele.

## Kwenye jeki

La kwanza lilionekana kwa macho. Gurudumu la mbele kushoto tulilizungusha tukiwa tumeshikilia kipande cha chaki karibu na ukingo wa ndani wa rimu. Chaki iligusa sehemu moja, ikaacha nyingine. Rimu ilikuwa imebonyea upande wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama nje, na alama ya kubonyea ilifanana na shimo la lami. Beringi tulizitikisa juu na chini, kulia na kushoto: hakuna mchezo. Tairodi na bushi mpya zilikuwa imara.

Sasa diski. Nitalieleza hili polepole, maana ndipo kisa chote kilipo.

Tulitoa magurudumu mawili ya mbele. Diski ya gari hili haina skrubu ya kuishikilia kwenye habu, inabanwa na rimu tu, kwa hiyo ukitoa rimu inalegea na kipimo chochote utakachochukua ni cha uongo. Tulirudisha nati zote tano na washa nene chini yake, tukakaza kwa mtindo wa nyota, ili diski ikae kama inavyokaa njiani. Mguu wa sumaku wa saa ukashikwa kwenye mguu wa shokapu, ncha ikagusa diski milimita 10 kutoka ukingoni. Nikaweka mshale kwenye sifuri na kuizungusha diski kwa mkono, taratibu.

Kila mstari wa saa ile ni milimita 0.01. Upande wa kulia mshale ulicheza mistari minne. Upande wa kushoto ulianza kupanda tangu robo ya kwanza ya mzunguko, ukapita tano, ukapita kumi, ukasimama kumi na nne, kisha ukarudi wenyewe hadi sifuri. Nikazungusha tena. Kumi na nne palepale.

Kijana wangu wa mafunzo akauliza, "Bosi, si diski mpya hii?"

Vitabu vya kiwanda vya magari ya aina hii huweka mwisho wa kuyumba kwa diski kwenye milimita 0.05. Hii ilikuwa 0.14, unene wa karatasi moja ya kuandikia na nusu. Kwa macho huoni kitu. Kwa vidole nako huwezi kuhisi kitu.

Kisha maikromita, kifaa cha kupimia unene, kwa sababu kuyumba na kutofautiana unene ni mambo mawili. Tuligawa diski sehemu nane kwa chaki, tukapima unene kila sehemu kwa umbali uleule kutoka ukingoni. Kulia sehemu zote nane zilikaribiana kwa 0.01. Kushoto nene kuliko zote ilikuwa 24.71, na nyembamba kuliko zote, namba 2 na namba 6 zinazotazamana, zilikuwa 24.67. Tofauti ni 0.04, na 0.02 tu inatosha dereva kuihisi. Mwenye vernia asiitumie kwa kazi hii: ukingo wa nje wa diski haulambwi na pedi, unabaki umenyanyuka, na taya za vernia hukaa juu ya ukingo huo.

Lililobaki ni kujua nani analeta kuyumba: diski au habu? Njia yake ni rahisi na haihitaji kifaa kingine. Nilitia alama ya chaki kwenye stadi (bolti ya habu inayoshika nati) iliyo karibu na kilele cha mshale, na nyingine kwenye diski. Nikatoa diski, nikaizungusha stadi mbili mbele, nikairudisha na kupima upya. Kilele kikihama na diski, diski ndiyo mbovu. Kikibaki kwenye stadi ileile, mbovu ni kilichoko nyuma ya diski. Kilibaki kwenye stadi ileile.

Nilimwita mwalimu aone. Kwenye diski kuna matundu mawili yenye nyuzi, ya bolti za milimita 8. Ukiziingiza na kuzikaza kwa zamu, zinaisukuma diski itoke bila kuipiga nyundo. Ilipotoka, uso wa habu ulikuwa na duara la kutu ngumu kuzunguka stadi, na upande mmoja, karibu na ukingo, palikuwa na gamba lililoshindiliwa hadi likawa jeusi linalong'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Nililibandua kwa ncha ya bisibisi, nikaliweka kwenye kiganja chake. Lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo.

"Hiki?" akasema.

Ndiyo, hicho. Uso wa habu ile una kipenyo cha milimita 140 hivi, na mduara ambao ncha ya saa inaufuata kwenye diski una karibu 245. Gamba la 0.08 kwenye ukingo wa habu linainamisha diski nzima, na kule mbali linakuwa 0.14.

Nilimwambia pia kwamba gamba lile lilikuwepo Januari, na kwamba nilipita juu yake kwa kitambaa.

## Maamuzi na sababu zake

Habu zote mbili tulizisafisha kwa brashi ya waya na msasa mgumu, hadi chuma kikaonekana chote, na kuzunguka kila stadi tulitumia kipande cha bomba chenye msasa uliobandikwa mdomoni, kwa sababu brashi haifiki pale. Nikapima uso wa habu ya kushoto wenyewe, bila diski: 0.02. Nilifarijika, maana kama habu yenyewe ingekuwa imepinda, tungelazimika kuibadilisha pamoja na beringi.

Mwalimu alikuwa tayari kununua diski nyingine, safari hii jenuini. Nilimkatalia. Kwenye diski imepigwa muhuri wa unene wa mwisho, milimita 23, na yake ilikuwa na 24.67 pale nyembamba. Ilikuwa na nyama ya kutosha kuchongwa. Tena haikuwa na mabaka ya bluu. Mabaka hayo hutokea diski ikiunguzwa, chuma chake kikabadilika na kuwa kigumu sehemu sehemu, na hapo kuchonga hakusaidii sana kwa sababu ugumu unashuka ndani.

Ila niliongozana nazo kwa mkereza. Mashine ya kukereza inaweza kuondoa ugonjwa au kuuzaa. Akiishika diski kwa ukingo wa nje, anachonga sambamba na ukingo, wala si sambamba na uso unaokaa kwenye habu. Nilimwomba aifunge kwa kiti chake cha kati, uso ule ukiwa umesafishwa, na tukaweka saa juu ya mashine kabla kisu hakijagusa. Mzee yule hakuchukia. Alisema hajawahi kuletewa saa na fundi wa magari. Tulichonga zote mbili, ya kulia kidogo tu, ili pande zote ziwe na uso unaofanana. Ya kushoto ilibaki 24.5.

Niliporudisha diski ya kushoto ilisoma 0.05. Nikaihamisha stadi moja, ikasoma 0.03. Nikaiacha hapo, nikatia alama ya rangi kwenye stadi na kwenye diski ili atakayeitoa baadaye airudishe palepale.

Kwenye kalipa ya kushoto, ile inayobana pedi kwenye diski, pini ya chini ilikuwa kavu na inakwama. Tuliisafisha na kuipaka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa pini. Pedi zilikuwa na unene mzuri, tulizisugua uso kwa msasa tukazirudisha. Rimu iliyobonyea tuliipeleka ikawa ya akiba, ile ya akiba ikaja mbele baada ya balansi.

Nati: nyota, mzunguko wa kwanza 50, wa pili 103 Nm kwa spana ya toku, inayopima nguvu ya kukazia, gurudumu likigusa ardhi. Mashine ya upepo haikuguswa.

Halafu breki zilizoeshwa. Kutoka 60 hadi 15 mara kumi, bila kusimama kabisa, kwa nafasi ya nusu dakika kati ya moja na nyingine, kisha mwendo wa dakika kadhaa bila breki zipoe. Ukisimama na kukanyaga pedeli huku diski ina moto, pedi huacha tabaka la mali yake pale ilipokandamizwa, na hilo nalo ni mwanzo wa mapigo. Nilimwambia mwalimu jambo hilohilo kuhusu Kitonga: ashuke kwa gia ya 2, ashike breki na kuachia badala ya kuipakata njia nzima, na akisimamishwa chini kwenye kizuizi atumie handibreki, mguu utoke kwenye pedeli.

Mwalimu sikumtoza ufundi. Alilipa mkereza na balansi tu.

## Matokeo

Siku ileile, kutoka 80 hadi 20, usukani ulitulia, na ule mtikisiko wa 95 haukuwepo. Hata hivyo Januari gari lilikuwa limetulia vilevile siku ya kwanza, kwa hiyo sikuhesabu hilo kuwa ushahidi.

Baada ya kilomita 100 alirudi tukakaza upya. Nati mbili za kushoto zilisogea kidogo. Baada ya kilomita 5,000 nilimwomba alilete tupime, ingawa hakuwa na lalamiko. Kuyumba 0.03, na unene sehemu zote nane ulikuwa ndani ya 0.01. Miezi minane imepita sasa na kilomita zaidi ya 11,000, na mtetemo haujarudi.

## Uchambuzi

Kwa nini kila tiba ilifanya kazi, kisha ikafa? Swali hili lilininyima usingizi, na jibu lake ndilo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi. Diski inayoyumba tu, huku unene wake uko sawa, haitetemeshi gari kiasi cha kuhisi. Kalipa inaelea kwenye pini zake, inaifuata diski ikienda kushoto na kulia, na mafuta ya breki hayasukumwi kurudi kwenye pedeli. Ndiyo maana siku ya kwanza baada ya kuchonga, na siku ya kwanza ya diski mpya, kila kitu kilikuwa laini.

Tatizo linajengwa wakati dereva hashiki breki. Pedi zinakaa karibu sana na diski. Ile inayoyumba, kwa kila mzunguko, upande mmoja unaipapasa pedi ya ndani, na upande unaotazamana nao unaipapasa pedi ya nje. Mguso mwepesi, lakini mara karibu 500 kwa kila kilomita. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu mbili zinazotazamana zimelika. Zilikuwa namba 2 na namba 6 kwenye diski hii. Sasa dereva akishika breki, pedi zinaingia kwenye wembamba na kutoka, mafuta yanarudi nyuma, pedeli inapanda, nguvu ya breki ya gurudumu la kushoto inapanda na kushuka, tairodi inavutwa, na usukani unacheza. Diski mpya ilipofungwa juu ya gamba lilelile, safari ilianza upya kutoka mwanzo. Kilomita 4,500, kisha 6,000. Umbali huo wenyewe ni dalili. Mtetemo unaorudi baada ya miezi miwili au mitatu unaelekeza nyuma ya diski.

Neno letu la "diski imepinda" ndilo lililotupoteza. Likishatamkwa, fundi anatafuta dawa ya diski: kuchonga au kununua. Siku hizi natumia maneno mawili tofauti, inayumba na imetofautiana unene, na kila moja lina kifaa chake.

Gereji ya tatu nisingependa ionekane ilibahatisha tu. Mwalimu alikuwa ameziweka bushi za zamani kwenye buti, akanionyesha. Moja ilikuwa imechanika nusu. Bushi iliyochoka haizai mapigo ya breki, lakini inayakuza yakifika kwenye usukani. Ndiyo maana mtetemo ulipungua baada ya kubadilishwa. Kazi ile ilihitajika, ila haikuwa chanzo, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha kutenganisha mambo hayo mawili.

Rimu iliyobonyea nayo ilivuruga watu. Mteja anasema "usukani unatetemeka", na sentensi hiyo moja inabeba mtikisiko wa 95 bila breki na mapigo ya 80 kwa breki. Balansi ilifanywa kwenye rimu iliyobonyea, na uzito wa risasi haunyooshi rimu. Swali moja, "hata bila breki?", lingeyatenganisha Januari.

Upande wa kulia nao ulikuwa na kutu, na diski mpya ya umri uleule, lakini uliyumba 0.04 tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni gamba. Sehemu nyingine, naamini, ni nati. Zile za kushoto nilipozifungua Septemba zilihitaji nguvu tofauti kabisa: mbili ziliachia kwa mkono mmoja, moja ilitaka bomba. Habu yenye stadi tano zinazovutwa kwa nguvu tofauti huivuta diski kombo hata ikiwa safi. Kwa hiyo nilimwandikia mwalimu kadi ngumu, inakaa kwenye droo ya gari: 103 Nm, nyota, wili spana ya mkono, bila bomba, bila kukanyaga, kisha apite gereji yoyote yenye spana ya toku.

Mwezi wa tano alipata pancha njiani, Ruaha Mbuyuni. Aliitoa kadi. Kijana aliisoma, akakaza kwa mkono, lakini nati ya mwisho aliimalizia kwa mguu. Mwalimu aliniletea gari kesho yake asubuhi kabla hajaenda popote. Nne ziliachia kwa nguvu zinazokaribiana, ya tano ilitaka bomba. Nilizilegeza zote, nikatoa gurudumu, nikapiga brashi uso wa rimu na wa diski, alama ya rangi ikiwa bado imekutana na stadi yake. Nikafunga saa kwenye mguu wa shokapu na kuzungusha. Mshale ulicheza mistari mitatu.